Penseli na Jembe: Siku Sita za Kutembea na Kuchora Kutoka Lushoto hadi Mtae

Jumatatu: Mombo, Soni, Lushoto

Nilishuka Mombo saa nane mchana, jua la nyika likiwa bado kali, nikahamia basi dogo la kupanda Lushoto. Barabara hiyo ina urefu wa kilomita 33, na karibu yote ni kona. Inaufuata mto kwenye korongo lenye miamba pande zote mbili, na kila baada ya kona kadhaa hewa inapoa, hadi abiria wanaoijua njia wanaanza kutoa masweta yao bila kuambizana. Nilikuwa nimeketi upande wa dirisha, daftari likiwa magotini, nikitumaini kuchora njiani. Kona hazikuniruhusu. Nilichopata ni mistari michache ya kingo za milima, mmoja nyuma ya mwingine, na kila mmoja umefifia zaidi ya uliotangulia.

Naomba nieleze kwa nini nilikwenda. Mimi ni mtu wa Tanga mjini na nimechora mandhari kwa miaka mingi, lakini mandhari yangu imekuwa ya pwani: mikoko, ngalawa zilizopwelewa, minazi, na nyuma yake ule mstari mmoja wa bahari ulionyooka ambao humpa mchoraji mahali pa kuanzia. Milima ya Usambara nimeiona tangu utotoni kama ukanda wa buluu upande wa magharibi, na kila nilipojaribu kuichora kwa kumbukumbu nilipata vichuguu. Sikujua mteremko unaanzia wapi wala unashikiliwa na nini. Basi niliamua kuipita kwa miguu, kuanzia Lushoto hadi Mtae kwenye ncha ya kaskazini-magharibi, nikisimama kuchora kila mahali ambapo mwendo ungeniruhusu. Nilichukua daftari moja la karatasi nzito, penseli tatu (HB, 2B na 6B), kichongeo, kifutio laini, kisanduku kidogo cha rangi za maji, brashi mbili na chupa ya maji ya kuchorea iliyo mbali na chupa ya maji ya kunywa.

Gari lilisimama Soni kwa muda wa kutosha kununua matunda damu na kuyasikia maporomoko ya maji bila kuyaona vizuri. Upande wa kusini wa Soni ndiko iliko Vuga, makao ya zamani ya watawala wa Kilindi, ukoo ambao masimulizi ya Wasambaa huuanzisha na Mbegha, mwindaji mgeni aliyeua simba na kupewa utawala. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipofika milima hii mwaka 1848 alimkuta mzao wa ukoo huo, Kimweri ye Nyumbai, akitawala kutoka huko hadi karibu na pwani yetu. Nilifika Lushoto kabla ya magharibi, nikalala chini ya mablanketi mawili.

Jumanne: Irente

Kutoka mjini Lushoto hadi ukingo wa Irente ni mwendo wa saa moja na nusu kwa mtu asiye na haraka. Mwongozaji wangu, kijana wa hapo hapo ambaye angefuatana nami hadi mwisho wa safari, alishauri tuondoke mapema, na ushauri huo ulikuwa na maana ambayo mchoraji ataielewa mara moja. Genge la Irente linatazama magharibi. Asubuhi lenyewe liko kivulini, ilhali nyika iliyo chini yake, karibu mita 1,000 chini, tayari imepata jua. Kwa hiyo mtu anachora kutoka kwenye giza akitazama mwanga, na kazi ya kutenganisha kilicho karibu na kilicho mbali inakuwa imefanywa na jua lenyewe.

Nilikaa pale karibu saa tatu. Chini kabisa kuna Mazinde, na mashamba ya mkonge yaliyopangwa kwa mistari ya sawasawa hivi kwamba kutoka juu yanaonekana kama kitambaa kilichofumwa. Reli ya Tanga inapita hapo. Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893, ikachukua miaka kumi na miwili kufika Mombo peke yake. Kando yake kuna barabara kuu ya Moshi, na malori yaliyoonekana kama chembe za mchele zinazosukumwa polepole. Zaidi ya hapo ni nyika tupu ya rangi ya ngozi ya simba, kisha ukungu wa vumbi, kisha hakuna kitu ambacho penseli ingeweza kukishika.

Mchoro wa kwanza niliuharibu kwa sababu ya pwani. Nilianza na upeo wa macho, kama nilivyozoea, nikauweka katikati ya karatasi, kisha nikajaribu kujaza genge upande wa chini. Genge likakosa nafasi, likawa ngazi fupi tu. Mwongozaji alinitazama bila kusema neno hadi nilipofungua ukurasa wa pili, ndipo akaniuliza kwa upole kwa nini sianzi na mahali nilipokalia. Nilifuata swali lake. Nilichora kwanza jiwe lililokuwa mbele ya miguu yangu, nyufa zake na kuvu zake za kijivu, kisha mti mmoja uliojipinda ukingoni, kisha nikaruka moja kwa moja hadi kwenye mkonge wa Mazinde, nikiacha kati yao karatasi nyeupe. Weupe huo ndio uliobeba mita zote 1,000. Nimejifunza mambo mengi ya kuchora kwa shida zaidi na faida ndogo zaidi.

Mazinde yenyewe inastahili kutazamwa kwa muda. Baada ya Kimweri kufariki katika miaka ya 1860, mwanawe Semboja alijijengea nguvu zake pale chini, kwenye njia ya misafara iliyotoka Pangani kwenda bara, mahali penye bunduki na bidhaa, na Vuga ikapoteza uzito wake. Ukiwa Irente unaweza kuona kwa jicho moja sababu ya jambo hilo: juu kuna mvua, migomba na usalama, chini kuna njia. Niliandika pembeni mwa mchoro, kwa herufi ndogo, majina ya mahali kama mwongozaji alivyoyataja, nikimwomba ayarudie polepole.

Wakati wa kurudi tulipita kwenye shamba la Irente, linalomilikiwa na Kanisa la Kilutheri, tukala mkate na jibini vinavyotengenezwa hapo hapo. Jioni iliingia ukungu na sikuchora tena.

Jumatano: Msitu wa Magamba hadi Lukozi

Tulianza safari yenyewe. Baada ya kulipa ada ya kuingia katika Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, tulipanda kwa njia nyembamba iliyojaa majani yaliyooza, na ndani ya nusu saa milio ya pikipiki ilikuwa imekwisha kabisa.

Msitu unamnyima mchoraji wa mandhari vitu viwili anavyovitegemea, yaani umbali na anga. Nilisimama mara tatu na mara mbili sikupata kitu. Kila nilipotazama kulikuwa na kijani mbele ya kijani, na karatasi yangu ikawa nyeusi yote bila umbo. Mara ya tatu nilikaa chini ya mkulo mkubwa, mti wa kafuri wa milima hii ambao wataalamu wameuita *Ocotea usambarensis*, nikaamua kuchora shina peke yake, kwa upana wa karatasi nzima, bila juu wala chini. Gome lake limepasuka vipande vipande. Ndani ya kila ufa kuna kuvumwani, na juu ya kuvumwani kuna viferni vidogo vinavyokua kana kwamba shina ni ardhi. Nikiwa katikati ya kazi hiyo niliona kwamba nimekuwa nikichora mteremko: mabonde, kingo, mimea inayoshika mahali penye unyevu. Kalamu ya mtu hujifunza kitu kimoja na kukitumia kwingine, na shina lile lilinisaidia sana kesho yake.

Mkulo ulikatwa mno katika karne iliyopita kwa ajili ya mbao zake. Upande wa magharibi wa msitu huu, huko Shume, enzi ya Wajerumani iliwekwa njia ya waya ya kushusha magogo hadi kituo cha reli cha Mkumbara chini nyikani, kazi ya uhandisi ambayo wajenzi wake waliionea fahari kubwa. Mwongozaji alinionyesha visiki vipana vilivyokwisha kufunikwa na kuvu. Nilichora kimoja kwa haraka, kwa sababu nilidhani ni haki kisiki nacho kiwemo daftarini.

Karibu na saa tano mbega walipita juu yetu, weusi wenye mabega meupe, wakiruka mmoja mmoja katika pengo lile lile kati ya miti miwili. Sikujaribu kuwachora. Niliweka penseli chini nikatazama. Baadaye kidogo tulimkuta mnyama aliye tayari kuchorwa, kinyonga dume mwenye pembe mbili bapa puani, aliyetulia kwenye kichaka kando ya njia kwa muda ulionitosha kumaliza mchoro na kuutia rangi. Milima hii ina vinyonga wasiopatikana penginepo duniani. Wataalamu walipounda jenasi mpya kwa ajili ya vinyonga wa milima yetu mwaka 2006, waliipa jina *Kinyongia*, kutokana na neno letu la Kiswahili. Nilifurahi sana kuliandika jina hilo chini ya mchoro, nikijua kwamba kwa mara moja lugha ya sayansi imekuja kuazima nyumbani kwetu.

Tulitoka msituni alasiri, na mwanga ukatupiga usoni ghafla. Msitu unaishia kwenye mstari mkali kama uliokatwa kwa kisu: upande huu miti, upande ule kabichi. Kutoka hapo hadi Lukozi tulitembea kati ya mashamba, na giza lilianza kuingia tulipofika kwenye nyumba ya wageni. Vijana walikuwa bado wanapakia matenga ya karoti na nyanya kwenye malori ya kwenda Dar es Salaam.

Alhamisi: Lukozi hadi Rangwi

Hii ndiyo siku ambayo safari nzima imeizunguka.

Kulikuwa na ukungu hadi saa tatu, kisha ukaanza kuinuka kutoka bondeni kwa vipande. Tulikuwa tumepanda ukingo mmoja baada ya Lukozi, na mbele yetu kulikuwa na mteremko mzima ulio wazi, kuanzia migomba na nyumba za mgongoni hadi bustani za mboga pembezoni mwa kijito. Wasambaa kwa desturi hujenga juu, kwenye migongo ya milima, na migomba huzunguka nyumba. Mahindi na maharage hushuka chini yake. Bondeni, penye maji, siku hizi ni viazi, kabichi, vitunguu na karoti. Mteremko huo ulikuwa na mpangilio wote huo kama kielelezo. Niliketi nikaanza kuchora.

Nilichora kingo za mlima kwanza, kisha nyumba, kisha nikafikia mashamba, nikayagawa kwa mistari iliyoshuka kutoka juu hadi chini, kwa sababu hivyo ndivyo mwinamo ulivyoonekana kuniagiza. Mistari ya kushuka huupa mlima ukali, na nilikuwa nimeridhika nayo. Mzee mmoja aliyekuwa akikata majani ya guatemala kwenye kingo ya shamba alikuja kutusalimu. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia, akaweka mzigo wake chini na kuomba kuona. Aliutazama mchoro kwa muda mrefu, daftari likiwa mbali kidogo na macho yake, kisha akaweka kidole chenye udongo juu ya moja ya mistari yangu.

«Mwanangu,» alisema, «shamba hili mvua moja tu italichukua.»

Sikuelewa mara moja. Akanionyesha mlima wenyewe. Mistari iliyokuwapo pale, ambayo nilikuwa nimeitazama kwa saa nzima bila kuiona, ilikuwa ya kukata mlima kwa upana wake, ikifuata usawa mmoja kama maji yanavyofuata: kingo za majani, safu za migrevilea, mifereji midogo, vijia vya miguu. Hakukuwa na mstari hata mmoja wa kushuka isipokuwa njia ya maji ya mvua, nayo ilikuwa imepangwa kwa mawe. Mimi nilichora mlima wa kubuni, wao walikuwa wamelima mlima wa kweli.

Nilimwomba aketi nasi, akakubali. Nilifungua ukurasa mpya na yeye akawa mwalimu. Alinieleza kwamba kingo haiwekwi kwa kukisia. Hupimwa, na ikikosewa kidogo tu, maji hujikusanya mahali pa chini na kuvunja zote zilizo chini yake. Majani ya guatemala yanashika udongo kwa mizizi na juu yanalisha ng'ombe anayefugwa zizini. Samadi ya ng'ombe hurudi shambani, na hivyo mtu haoni uchungu kuitunza kingo, kwa kuwa kila siku inampa kitu. Nilikuwa nikichora huku nikimsikiliza, na safari hii kila mstari ulikuwa na sababu yake. Ajabu ni kwamba mlima ulizidi kusimama. Mistari ya upana, ikikaribiana juu na kuachana chini, ilionyesha mwinamo vizuri kuliko mistari yangu yote ya kushuka, na pale ilipopinda kuingia kwenye kikorongo, kikorongo kikaonekana bila kutiwa kivuli.

Nilimuuliza kama ndivyo walivyolima tangu zamani. Akatikisa kichwa, akasema alikuwa mtoto mdogo wakati wa «matuta». Neno hilo, kwa watu wa umri wake katika wilaya hii, linataja kitu kimoja. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, upande wa mashariki wa hapa, ukaenea baadaye sehemu nyingine za Usambara. Wakulima walilazimishwa kulima matuta kwa vipimo walivyopewa, na asiyelima alitozwa faini. Kazi iliongezeka sana, na sehemu kubwa ya kazi hiyo iliwaangukia wanawake ambao ndio waliolima chakula. Miteremko mingine ilikuwa mikali mno kwa matuta ya aina ile. Na watu waliogopa kwamba ardhi iliyopimwa na wageni leo itachukuliwa na wageni kesho. Katika miaka ya 1950 upinzani ulikuwa mkubwa, ukawaingiza watu wengi katika TANU, hadi mpango ukaachwa. Mzee alikumbuka kwamba mama yake alikuwa akirudi shambani usiku na kukaa kwanza mlangoni kabla ya kuingia ndani, kwa kuchoka.

Kingo za majani zilikuja baadaye, hasa kuanzia miaka ya 1980, kupitia miradi ya kuzuia mmomonyoko. Nilimuuliza tofauti iko wapi, maana kwa jicho la mgeni tuta na kingo vinafanana. Alijibu kwa neno moja, «Ng'ombe,» akanyanyua mzigo wake wa majani kidogo ili nione uzito wake.

Nadhani jibu hilo ni kamili kuliko maelezo mengi niliyowahi kusoma kuhusu kilimo. Wasambaa wana msemo wa kutofautisha utawala unaoiponya nchi na ule unaoiharibu, *kuzifya shi* na *kubana shi*, na watawala wao wa zamani walipimwa kwa mvua na mavuno. Mzee hakuutaja msemo huo. Mwongozaji ndiye aliyeutaja tulipokuwa bado tumeketi, akaniandikia kwa mkono wake chini ya mchoro wa pili, au tuseme pembeni, kwa kuwa chini hapakuwa na nafasi tena.

Mchoro huo wa pili haumo daftarini. Kabla ya kuondoka niliuchana kwa uangalifu nikampa mzee, naye akaukunja mara mbili na kuuweka ndani ya kofia yake. Mimi nilibaki na ule wa kwanza wenye makosa, na alama ya kidole cha udongo juu yake. Maneno ya mwongozaji nimeyanakili upya nyuma ya karatasi hiyo.

Njia iliyobaki hadi Rangwi ni nzuri na sikuichora hata mara moja. Nilitembea nikitazama kingo. Tulilala kwenye nyumba ya wageni ya watawa, wakatupa supu ya moto, viazi na maharage, na maji ya kuoga yaliyochemshwa kwa kuni.

Ijumaa: Rangwi hadi Mtae

Hii ilikuwa siku ya mwendo mrefu kuliko zote. Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu, umande ukiwa bado mzito kwenye nyasi, tukapanda kuelekea Sunga tukiwa na msitu wa Shagayu upande mmoja. Milima hapa inapita mita 2,000, na upepo wa kusi wa mwezi Julai unaleta mawingu yanayokwaruza miti ya juu na kuilowesha bila mvua kunyesha. Mwongozaji alisema kwamba mto Umba unaanzia katika misitu hii. Mto huo unashuka nyikani, unavuka mpaka kuingia Kenya, na kumwaga maji yake Bahari ya Hindi karibu na Vanga. Nilisimama kwenye kijito kimoja kisichozidi hatua mbili kwa upana nikachota maji yake kwa ajili ya rangi. Mchoro niliochora hapo ni mdogo, wa majani ya ukingoni na mawe matatu, lakini umepakwa maji ambayo yangeendelea na safari hadi bahari niliyokulia kandokando yake.

Sunga tulipumzika, tukanywa chai na maandazi. Watoto waliokuwa wakitoka shule walituzunguka, na mmoja aliniuliza kama najua kuchora pikipiki. Nilimchorea. Akanirekebisha mahali pa bomba la moshi, na nikalifuta kwa kifutio na kulichora upya.

Tulifika Mtae saa kumi kasoro. Kijiji kimekaa juu ya mgongo mwembamba wa mlima, nyumba zikiwa pande mbili za barabara moja, na katika sehemu nyingine nyuma ya nyumba za upande huu na nyuma ya nyumba za upande ule ni anga. Kanisa la zamani la Kilutheri linaonekana kutoka mbali. Ukitembea hadi mwisho wa mgongo, ardhi inakatika, na chini yake inaanza nyika ya Mkomazi, iliyofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2008, inayoungana na Tsavo upande wa Kenya bila kitu chochote ambacho jicho lingeweza kukiita mpaka. Magharibi kuna milima ya Upare, safu baada ya safu. Kilimanjaro upo nyuma yake, lakini mwezi huu mawingu yalikuwa yameufunika.

Nilichora hadi mikono iliposhindwa kuishika penseli kwa baridi. Nilianza na mahali nilipokalia, kama nilivyofundishwa Irente. Kisha nilitafuta kingo za mashamba kwenye bega la mlima lililo chini ya kijiji, nikaziweka moja baada ya nyingine hadi zilipofika mahali ambapo mwinamo unazidi nguvu ya jembe na vichaka vinaanza. Nyika niliiachia karatasi. Jua lilipoteremka nyuma ya Upare, vivuli vya vilima vidogo vya Mkomazi vilirefuka kuelekea kwetu, vyembamba na vya buluu, na kwa muda wa dakika kama kumi kila kichuguu kule chini kilikuwa na kivuli chake. Nilitumia penseli ya 6B hadi ikabaki kipande kifupi kama kiungo cha kidole.

Mama mwenye nyumba tuliyofikia alikuja na jaketi la mumewe akanifunika mabegani bila kuniuliza. Alitazama mchoro, akatafuta nyumba yake, akaipata. Akaniambia nimesahau tangi la maji. Nililiongeza usiku, kwa mwanga wa taa ya sola, yeye akinielekeza ukubwa wake.

Jumamosi: Mtae hadi Lukozi, na kushuka

Basi linaondoka Mtae usiku, muda mrefu kabla ya alfajiri, ili wenye safari ya Tanga na Dar es Salaam wawahi. Tulipanda tukiwa tumejifunika, matenga ya mboga yakiwa juu ya paa na kuku wawili chini ya kiti kilichokuwa mbele yangu. Kwa saa nzima hapakuwa na cha kuona isipokuwa taa za basi zikigusa udongo mwekundu wa kingo za barabara.

Kulipambazuka tukiwa tunakaribia Lukozi. Basi lilisimama kupakia kabichi, na utingo akasema tutakaa pale kidogo. Nilifuta ukungu kwenye kioo kwa kiganja. Mteremko wa mzee ulikuwa mbali upande wa pili wa bonde, umepinda kidogo kutokana na mahali tulipokuwa, lakini niliutambua kwa safu ya migrevilea na kwa nyumba tatu za mgongoni. Jua lilikuwa limeanza kugusa sehemu ya juu, na kila kingo ilikuwa na mwanga upande mmoja na kivuli upande mwingine, kuanzia migombani hadi kijitoni.

Nilifungua daftari kwenye ukurasa wenye alama ya kidole. Nilifuta mstari wa kwanza wa kushuka, kisha wa pili, nikiizunguka alama ile ili isiguswe na kifutio, na mahali pake nikaanza kuweka kingo, kutoka juu, kwa kufuata mwanga. Nilikuwa nimefikia ya sita basi lilipoondoka.